Nilisema Breki ni Nzima

Juzi nimekaa gerejini pale Galbet, kikombe cha chai mkononi, namsikia mmoja wenu, nyinyi mafundi vijana, anamwambia mwenye lori, "Enda tu, adeer, ami yangu, breki ziko fiti." Nilishtuka, chai ikanimwagikia mapajani. Nikamwuliza, "Umelijaribu na mzigo?" Akacheka, na wenzake wakacheka. "Mzee, geji ya hewa imejaa mpaka juu, unataka nini tena?" Ningefungua kinywa ningemtukana mtoto wa watu mbele ya mteja wake. Nikarudi nyumbani, nikabadilisha kikoi, nikatafuta kalamu. Mkitaka mtasoma, msipotaka wake zenu watafungia mandazi, lakini nitakuwa nimesema.

Mimi ni Athmani, mzaliwa wa Mombasa, fundi wa breki za malori. Najua mkiwa peke yenu mnaniita Mzee Kelele. Masikio yangu bado yanafanya kazi, msidhani. Nilivuka daraja la Tana kuja Garissa mara tu baada ya uhuru, ndevu zangu bado za kuhesabika, na vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa porini, vilikuwa vimeshaanza. Tajiri mmoja wa Kiarabu alikuwa na malori manne, akanichukua niyatunze. Mamangu alilia siku tatu. Alidhani napelekwa kuchinjwa.

Kazi nilifundishwa na Kalasinga mmoja kule Mombasa, mwenye kilemba cha buluu na mkono mwepesi wa kupiga makofi. Siku ya kwanza aliponiachia lori lenye hewa dhaifu ya breki, niliifungua kompresa yote, nikaitandaza juu ya gunia, nikashinda naye huyo ibilisi mpaka alasiri. Kalasinga akaja, akainama, akanionyesha koki ndogo chini ya tangi la hewa, ile ya kumwagia maji. Ilikuwa wazi. Niliiacha wazi mwenyewe asubuhi. Akanilaza chini ya lori, nikaambiwa niweke kidole pale kwenye koki mpaka jua litue, ili nisipasahau. Wallahi sijapasahau.

Kwa hiyo sikilizeni, hili ni la bure. Geji ikipanda kwa kujikokota, shuku kompresa na chujio lake, maana vumbi la huku halina huruma. Ikipanda vizuri halafu ikashuka gari limezimwa, kuna mahali panavuja, basi nyamazeni, zimeni hizo redio, mtasikia. Ikitulia, lakini ikaporomoka kila ukikanyaga pedeli, ugonjwa uko mbele ya pedeli, kwenye mipira ya hewa, ile mirija inayokwenda magurudumuni, au kwenye chemba zenyewe za breki. Paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likicheza, umempata mwizi wako.

Mambo haya yote niliyajua kabla hajazaliwa baba yako. Ndiyo maana aibu yangu haiishi.

Dereva wa lori kubwa kuliko yote manne, la tani kumi, alikuwa Abdi Dheere, yaani Abdi Mrefu. Mtu wa Balambala, mtoto wa wafuga ngamia, mrefu hata akiingia garini akunje shingo. Kiswahili alikiokota njiani, na akikasirika "hapana" inakuwa "habana", nami namcheka. Yeye naye anakicheka Kisomali changu, ambacho mke wangu mpaka leo anasema nikitumie kwa mbuzi tu. Tulikuwa marafiki hasa. Tulikula sahani moja, mkono wake na wangu, na yeye alikuwa na tabia ya kunisukumia upande wangu vipande vya nyama akijifanya hajui anachofanya.

Sasa, kwao kitu cha ngozi hakiachwi kikauke. Kamba za kufungia mizigo ya ngamia, viriba vya maji, vyote hupakwa samli, subag wanavyoiita, jua lisije likavipasua. Abdi alilelewa hivyo. Siku moja namkuta amelala chini ya lori, mkebe wa samli kifuani, anaipaka mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Nikamwuliza, "Waryaa, unafanya nini?"

"Jua kali, fundi. Hii ngozi ya gari itabasuka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Paka, walaal, ndugu yangu, paka! Litanenepa, mwakani lizae!" Naye akacheka, akaendelea kupaka. Nikawahadithia wenzangu sokoni, wakacheka nao. Kila nikimwona na mkebe wake nilimwuliza mimba ya lori imefika mwezi wa ngapi.

Nyinyi hamjui siku zile. Pale darajani palikuwa na kizuizi: mapipa yaliyojazwa mchanga, gogo limelazwa juu yake, na askari wenye bunduki. Kila gari lisimame. Lisiposimama, hakuna anayeuliza kwa nini. Na mtu wa jamii ya Abdi alikuwa akitazamwa kwa jicho baya kabla hata hajataja jina lake. Raia wa kawaida walibanwa huku na askari, kule na wenye bunduki wa porini, na kila mmoja anawauliza wako upande gani.

Alasiri moja Abdi alikuwa anarudi kutoka bara na shehena ya unga. Niko gerejini, nasikia risasi. Mbili, halafu ya tatu. Soko zima lililala kifudifudi. Tulipoinuka, habari ilikuwa imeshafika: Abdi Dheere amevunja kizuizi. Lori lilishuka ule mteremko wa kutoka Madogo, ng'ambo ya mto, halikusimama, likapiga mapipa, likaburuta gogo, likaenda kuzama kwenye mchanga upande wetu. Askari mmoja aliruka, akaponea chupuchupu. Abdi hakupigwa risasi, lakini alishashushwa na kufungwa mikono. Kila mtu pale alijua maana yake: ataitwa shifta.

Asubuhi iliyofuata nikaitwa. Inspekta wa pale darajani alikuwa mtu wa bara, msalaba mdogo shingoni, macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonitisha.

"Wewe ndiye fundi wa gari hili?"

"Ndiyo, afande."

"Huyu anasema breki zilikataa. Liangalie. Kama zilikataa, ni ajali, ataenda kwao. Kama ni nzima, basi alikusudia kuua askari wangu. Gari la mahabusu linaondoka saa kumi."

"Linakwenda wapi, afande?"

"Hilo si swali la fundi."

Abdi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye pipa. Aliponiona alitabasamu. Nawaambia alitabasamu, meno yote nje, kwa sababu rafiki yake amefika. "Wallahi fundi," akasema, "breki habana shika."

Askari walikuwa wameshusha gunia moja moja usiku ule kutafuta silaha, kwa hiyo lori lilikuwa tupu. Walilivuta kutoka mchangani, limesimama barabarani, limepoa. Nikaliwasha. Geji ikapanda mpaka paundi mia, bila kujikokota. Nikazima. Sindano haikutikisika. Nikakanyaga pedeli, ikashuka kidogo tu inavyotakiwa, ikatulia. Nikaomba sabuni, nikapaka povu kila mahali. Povu lilikaa kimya. Mipira yenyewe ilikuwa na ukoko wa vumbi jekundu, nikapaka povu juu ya ukoko huo huo, sikuukwangua. Niliingia chini ya lori lile mara nne. Sijawahi kutafuta ubovu kwa dua kama siku ile, na sikuupata.

"Fundi?"

Nilitaka kudanganya. Lakini nilifikiri, akiletwa fundi mwingine wa polisi akakuta nzima, tutaondoka wawili saa kumi. Nikasema, "Afande, sioni kasoro."

"Sikuulizi unachokiona. Breki ni nzima au si nzima?"

Nikasema, "Ni nzima."

Abdi aliinua uso. Hakukasirika. Alinitazama vile mtu anavyotazama anapodhani hakusikia vizuri, akingoja nirudie. Sikurudia. Nikaokota spana zangu nikaondoka.

Gerejini sikushika kazi. Nilitoka nikaenda pale bombani sokoni kunawa uso. Alikuwepo mama mmoja na punda wake, anangoja kujaza kiriba. Kiriba kilikuwa kimekunjwa begani kwake, kikavu, cheusi kwa samli, kizuri kabisa. Akakijaza maji, akakining'iniza ubavuni mwa punda. Kiliponing'inia tu na ule uzito, mshono ukafunguka, maji yakaanza kudondoka, ti, ti, ti. Mama akasonya, akakishusha chini kikalegea. Maji yakakatika.

Yallah! Nilisimama pale maji yananichuruzika usoni, mdomo wazi. Lori nililopima lilikuwa tupu. Lilikuwa limepoa. Springi zimeinuka, mipira imelegea. Abdi alikuwa na tani kumi mgongoni na safari ya kutwa nzima juani. Mimi nilipima kiriba kitupu, nikamwambia mtu mwenye bunduki kwamba hakivuji.

Nilikimbia kutoka sokoni mpaka darajani, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Inspekta alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umetishwa na jamaa zake?"

"La, afande. Nimekosea."

"Umekosea lini? Asubuhi, au sasa hivi?"

Nikamwambia, "Rudisha unga wote juu ya lori. Nilitembeze mpaka lipate moto. Na wewe ukae kando yangu, uitazame geji kwa macho yako."

"Ukitaka kuniua je?"

"Mimi nitakuwa ndani pia, afande."

Akatazama saa yake. Kisha akaita wapagazi kutoka sokoni. Magunia yakarudi, jua likiwa utosini. Tukapanda, yeye na mimi. Tukavuka daraja, tukapita Madogo, tukaenda mbele, tukageuza, tukarudi, nikikanyaga breki kila hatua chache. Sindano mia. Mzunguko wa pili, tisini na kitu. Lori linasimama vizuri kabisa. Inspekta anatazama geji na saa, geji na saa. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Nilianza kusoma Yasini kimoyomoyo, na nilikuwa naomba jambo la ajabu, kwamba breki zangu zikatae.

Mzunguko wa tatu tunashuka ule mteremko wa kuingia darajani. Pana kona kidogo pale. Nikakata usukani, nikakanyaga pedeli, nikasikia chini ya miguu yangu: fyuuuu! Sindano, tisini. Sabini. Arobaini. Pedeli ikagusa sakafu na lori halina habari, linateremka tu na tani zake kumi. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, nikalazimisha gia ndogo, injini ikalia. Nikainua macho. Mbele yangu askari wa kizuizi walikuwa wameshainua bunduki. Wao waliliona lori lile lile, linakuja vile vile, halisimami.

Inspekta alitoka dirishani mpaka kiunoni. "Msipige! Msipige! Ni mimi!"

Lori lilisimama bampa limegusa pipa. Inspekta alishuka, akasimama barabarani ameshika ule msalaba wake, anasema "Yesu wangu, Yesu wangu." Halafu, na nguo zake zile zilizopigwa pasi, akalala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya lori. Nilimkanyagia pedeli. Akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipotoka alisema, "Nimesikia." Akamgeukia askari. "Mleteni yule."

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kijinga. Nilikuwa nimeshaanza kutunga mzaha wa kumwambia Abdi, kwamba lori lake limezaa.

Walimleta anatembea mwenyewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kikoi chake, na kitambaa kimeloa damu mpaka kinadondoka. Vidole vilivyochomoza havikuwa vimekaa vinavyopaswa kukaa. Nilimwuliza yule askari aliyemleta, nimesahau kabisa kwamba ana bunduki, "Mmemfanya nini? Mmemfanya nini?"

Alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Alinijibu bila ubaya wowote, kana kwamba naijua sababu. "Si wewe fundi ulisema breki ni nzima? Tulitaka aseme ukweli."

Nilikaa chini pale pale barabarani.

Lori lilikuwa limeziba njia, kwa hiyo kazi ilibidi ifanyike. Niliingia chini, nikaufungua mpira wa gurudumu la mbele kulia. Ule ukoko wa vumbi jekundu ulikuwa umeyeyuka, unadondoka, na nyuma yake, karibu na shingo ya chuma, mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha. Ukiukunja, ufa unafunguka. Ukiulegeza, unajifunga, huoni kitu. Niliuminya, ukabonyea kama nyama iliyochemshwa sana. Nikaunusa. Samli.

Abdi alikuwa amekaa kivulini mwa lori, mkono wake mapajani. Nikatoka na ule mpira, nikamwonyesha. Aliunusa, akaelewa nusu. "Samli mbaya kwa hii?"

"Mafuta yanaula mpira," nikasema. "Unalainika, unavimba, unaoza."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, hasa akiwa na maumivu. "Fundi," akasema, "wewe ulijua?"

Kalasinga alinipiga kofi kwa jambo hilo hilo wiki yangu ya pili kazini, nilipofutia mpira kitambaa chenye mafuta. Nilijua tangu siku ile nilipomkuta na mkebe kifuani. Nilijua miezi yote ile niliyokuwa nawachekesha watu sokoni. Ningemwambia neno moja tu angeacha, lakini mzaha ulikuwa mtamu. Nikamwambia Abdi, "Nilijua."

Alitazama upande wa mto mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipokuja.

Vidole viliungana vyovyote vilivyotaka. Lori hakuendesha tena. Nanyi mnajua adabu ya mkono wa kulia, huwezi kunyoosha wa kushoto ukaingia sahanini na watu. Basi hakula tena sahani moja na mtu yeyote. Alikula peke yake, kwa kijiko, amegeukia ukuta. Akisalimiwa alijibu kwa mdomo tu, mkono uko ndani ya shuka.

Nilipofungua gereji yangu nilimwomba aje, nikidhani atanitemea mate. Alikuja. Alikaa mlangoni juu ya tairi kuukuu, na kila fundi aliyesema gari ni zima, Abdi alimwuliza neno moja, "Na msigo?" Miaka na miaka. Malori ya Liboi, ya Wajir, ya wapi, hakuna lililotoka mlango ule kabla ya kupakiwa na kutembezwa mpaka lipate moto. Mimi mwenyewe aliniuliza, mbele ya wateja, kila mara, na kila mara nilijibu, "Bado, Abdi. Nalipakia."

Idd moja, sote tumeshazeeka, tumetoka kuswali, watu wanapeana mikono. Abdi akasimama mbele yangu, akatoa mkono wa kulia kutoka kwenye shuka, akanipa. Niliushika. Nilisikia kila mfupa ulipovunjikia, mmoja mmoja. Sikujua kama amenisamehe, au alitaka tu niushike niujue kabla hajafa. Hakuniambia, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Alifariki kabla ya Idd iliyofuata.

Lile lori la juzi mliloliambia liende, nimepita asubuhi nimeliona bado liko uani, linangoja mzigo. Geji imejaa mpaka juu, ndiyo, nimechungulia. Lipakieni, mlitembeze juani, kisha mje mniambie ni zima.